Mgeni Rasmi wa Pasua

Kikundi cha vijana wa maigizo pale Pasua, Moshi, kiliniomba nizungumze kwa nusu saa kuhusu kazi za Jordan Peele, mchekeshaji wa Marekani aliyegeuka mtunzi wa kipindi cha televisheni na baadaye mwongozaji wa filamu. Mimi ni mshereheshaji wa harusi, hivyo kusema mbele ya watu hakunitishi. Kilichoharibu shughuli ni bajaji ya matangazo. Dereva alipewa karatasi yenye maelezo marefu, naye, kwa kuwa Mbuyuni kuna kelele na spika yake ilikuwa ikikoroma, akayafupisha: "Mchekeshaji kutoka Marekani, leo jioni Pasua, kiingilio bure!"

Niliposhuka kwenye bodaboda nikiwa na suti yangu ya kazi, nilipokewa kwa vigelegele, nikavishwa kitenge begani, na bibi mmoja aliyeteremka kutoka Kibosho akanikagua kuanzia viatu hadi utosini. Nikamwamkia shikamoo. Akaitikia marahaba, kisha akawatangazia wenzake kwamba mgeni amelelewa vizuri huko kwao. Nilipoeleza kuwa mimi ni mtu wa Majengo tu, mwenyekiti wa mtaa alicheka mpaka akashika mbavu, akasema sasa anaamini kwamba wachekeshaji wa Marekani wanalipwa kihalali.

Nikaona heri nianze mada, labda ukweli ungejitokeza wenyewe. Nikasema Peele alizaliwa New York mwaka 1979, akajiunga na kipindi cha vichekesho cha MADtv mwaka 2003, na kuanzia 2012 hadi 2015 yeye na Keegan-Michael Key wakawa na kipindi chao wenyewe, Key & Peele, walichokibuni na kukiigiza pamoja. Kadiri nilivyosema "yeye", ndivyo ukumbi ulivyozidi kuusifu unyenyekevu wangu wa kutojitaja.

Filamu ya kwanza aliyoiongoza, Get Out ya mwaka 2017, ni ya kutisha, ingawa katika tuzo za Golden Globe ilishindanishwa kwenye kundi la vichekesho na muziki. Wapo walioona hilo ni kituko. Mimi sioni hivyo, kwa sababu anayejua watu watacheka sekunde gani anajua pia watapiga mayowe sekunde gani. Nilikuwa nimeiandaa hoja hiyo kwa urefu na mifano, lakini haikupata nafasi, kwani nilipotaja tu kwamba filamu ile iligharimu dola milioni 4.5 na kuingiza zaidi ya milioni 250, minong'ono ilikoma, mwenyekiti akavaa miwani, na mhazini akafungua daftari.

Ili kuwaondoa kwenye hesabu, nikaeleza kwamba filamu hiyo inafunguliwa kwa wimbo wa Kiswahili, uliotungwa na Michael Abels, ambamo sauti za wahenga zinamwonya mhusika mkuu. Hapo ndipo nilipojimaliza. Bibi wa Kibosho alisimama akapiga kofi moja kubwa: "Si mlikuwa mnauliza Kiswahili kakitoa wapi!" Nilipofika kwenye Oscar ya mwaka 2018, ambapo Peele alikuwa Mweusi wa kwanza kushinda tuzo ya mswada uliotungwa moja kwa moja kwa ajili ya filamu, kijana wa nyuma aliomba aishike hiyo sanamu, na mwingine akataka kujua kwa nini Lupita Nyong'o, aliyeigiza katika Us, filamu ya Peele ya mwaka 2019, hakuja nami.

Fundi wa spika, ambaye tumefanya naye harusi nyingi, alipaza sauti kwamba mimi ni MC wa Majengo. Akaambiwa aache wivu. Mwenyekiti akaniuliza nitachangia nini kwenye mtaro wa mtaa, na kabla sijafungua kinywa, makofi yalikwisha kunijibia na mhazini akaandika. Nililichungulia lile daftari wakati wa kutoka: jina ni Jordan, ahadi ni dola elfu tano, na namba ya simu ni yangu.