Dayosisi mpya, sadaka ileile

Waumini wa Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania (KKKT) wanapoomba dayosisi mpya, yaani eneo la kanisa lenye askofu wake, hoja ya kwanza huwa umbali. Askofu yuko mbali, sharika za pembezoni humwona kwa nadra. Hoja hiyo ina uzito. Katika mtaa, yaani sehemu ndogo ya usharika, unamkuta mwinjilisti, juu yake mchungaji wa usharika, kisha mkuu wa jimbo, ndipo askofu. Malalamiko yanayopanda ngazi zote hizo huchoka njiani.

Isitoshe, kugawanyika si jambo geni KKKT. Mwaka 1963 yaliungana makanisa saba, mengi yakiwa matunda ya misheni tofauti za Kijerumani: Leipzig Kilimanjaro, Berlin kusini, Bethel upande wa Bukoba. Hakuna lililommeza mwenzake. Hadi leo kila dayosisi ina katiba, mali na askofu wake, na Mkuu wa Kanisa hampangii askofu mwenzake wachungaji. Kutoka saba zimekuwa zaidi ya 20.

Wanaopinga huuliza: nani atalipa? Dayosisi mpya maana yake ofisi, gari, msaidizi wa askofu, mhasibu, na yote hutoka kwenye sadaka ileile, pamoja na ule mkungu wa ndizi unaonadiwa nje baada ya ibada. Ikikatwa sehemu yenye kahawa na miji, inayobaki hudhoofika.

Halafu kuna kabila, ambalo vikaoni husemwa kwa sauti ya chini. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 madai ya Wameru kutaka dayosisi yao yaligeuka ugomvi mkali, na mwishowe Dayosisi ya Meru ikapatikana. Lakini hata pasipo kugawanya kuna moto: katika Dayosisi ya Konde, hoja ya kuhamisha makao makuu kutoka Tukuyu kwenda Mbeya ilizaa mgogoro uliofikia askofu kuondolewa mwaka 2022. Ofisi tu hiyo.

Kwa hiyo siamini kwamba kukataa kugawanya huleta amani. Ila naona kipimo kimekosewa: tunahesabu sharika na waumini, wakati swali lingeanzia kwa mwinjilisti wa mtaa wa mwisho kabisa, kama posho yake inafika sasa, na kama itafika mipaka ikishachorwa upya.