Kifaa cha kusikia: unalipia chombo au unalipia mtu?

Anayeanza kutafuta kifaa cha kumsaidia kusikia hukutana mapema na jambo la kuchanganya. Kifaa cha kampuni ileile, chenye uwezo uleule, kina bei moja kliniki, bei nyingine kwenye duka kubwa lenye matawi mengi, na bei ya chini kabisa mtandaoni. Tofauti inaweza kuwa maradufu au zaidi. Hapo watu hugawanyika. Wapo wanaosema kliniki zinawakamua wazee. Wapo wanaosema anayenunua mtandaoni anatupa pesa, maana kifaa kitaishia kwenye droo. Kila upande una hoja yake, ila pande zote mbili zinachukulia kwamba bei kubwa ndiyo huduma. Sidhani kama ndivyo.

Tuanze na pesa inakokwenda. Sehemu kubwa ya soko la dunia imeshikwa na makampuni machache: Sonova, Demant, WS Audiology, GN na Starkey. Majina mengi yanayoonekana madukani, hata yale yanayobeba jina la duka lenyewe, asili yake ni huko. Kwa hiyo anayelipa zaidi kliniki mara nyingi hapati chombo bora kuliko mwenzake. Analipia muda wa mtaalamu: kupimwa, kupangiwa sauti, kurudi kurekebishiwa, kusafishiwa, kuelekezwa. Kwa desturi ya biashara hii yote hayo hufungwa kwenye bei moja, na mteja haoni mgawanyo wake. Anayerudi mara mbili tu na anayerudi kila mwezi wanalipa sawasawa. Wa kwanza anamgharamia wa pili bila kujua.

Sasa, je, huduma hiyo inaleta tofauti? Mwaka 2017 Larry Humes na wenzake wa Chuo Kikuu cha Indiana, Marekani, walichapisha utafiti ambao kila upande hupenda kuunukuu nusu. Watu 154 wenye umri wa miaka 55 hadi 79, wenye upungufu mdogo au wa kati wa kusikia, waligawanywa makundi matatu. Wote walipewa vifaa vya aina moja, vya daraja la juu. Kundi la kwanza lilihudumiwa na mtaalamu kwa utaratibu kamili. La pili lilijichagulia lenyewe kutoka kwenye vifaa vilivyopangwa mapema kwa ajili ya aina za upungufu zilizozoeleka. La tatu lilihudumiwa kama la kwanza, lakini vifaa vyake vilikuwa vimepangwa visikuze sauti, na wenyewe hawakujua.

Baada ya wiki 6, wa kundi la pili walikuwa wamefaidika karibu sawa na wa kundi la kwanza kwenye vipimo vingi. Wapenda bei nafuu huishia hapo. Wenye kliniki nao hunukuu sehemu nyingine: walipoulizwa kama wangependa kubaki na vifaa vyao, waliokubali walikuwa asilimia 81 katika kundi la kwanza na 55 katika la pili. Kisha, kundi la pili lilipopewa nafasi ya kuhudumiwa na mtaalamu, kuridhika kwao kukapanda. Maana yake mtaalamu hakuongeza sana usikivu wenyewe. Alichoongeza ni uwezekano wa mtu kuendelea kuvaa kifaa, na kifaa kisichovaliwa ni ghali hata kama kilipatikana kwa bei ya kutupa.

Lakini mimi huvutiwa zaidi na mambo mawili yasiyonukuliwa sana. La kwanza ni kundi la tatu. Asilimia 36 yao walikuwa tayari kubaki na vifaa visivyowakuzia sauti, na kuvilipia. Yaani zaidi ya theluthi moja waliridhika na kitu ambacho hakikuwa kinafanya kazi. La pili ni bei. Nusu ya washiriki waliambiwa walipe kiasi fulani, nusu nyingine mara 6 ya kiasi hicho, kwa kifaa kilekile. Bei haikubadili matokeo. Ukiyaweka mawili hayo pamoja, unaona kwa nini ushuhuda wa "mimi nilinunua pale na nimeridhika" hauna uzito mkubwa kama tunavyodhani, uwe wa kusifia kliniki au wa kusifia duka la mtandaoni.

Ndiyo maana nasema swali la mahali pa kununua lianze na kipimo kimoja. Masikio hayafanani. Mfereji wa mmoja ni mpana, wa mwingine mwembamba na wenye kona, na sauti ileile ikitoka kwenye spika ya kifaa hufika kwenye ngoma ya sikio kwa nguvu tofauti. Kompyuta huchukua odiogramu yako, yaani ule mchoro unaoonyesha unaanza kusikia kwa desibeli ngapi katika kila ngazi ya sauti, kuanzia nene hadi nyembamba, kisha inakisia kwa sikio la wastani. Kujua kinachofika hasa kunahitaji mrija mwembamba na laini wa maikrofoni uingizwe sikioni hadi karibu na ngoma, kifaa kikiwa kimevaliwa. Inachezwa sauti ya mtu akizungumza, na kwenye skrini unaona mistari miwili: sauti inayofika na sauti inayotakiwa kwa mujibu wa kanuni za kukokotoa ukuzaji wa sauti kama NAL-NL2 au DSL. Mtaalamu anapandisha hapa, anashusha pale, mpaka mistari ikaribiane. Ni kazi ya dakika chache.

Kipimo hicho kisipofanyika, kifaa aghalabu hubaki na upungufu kwenye sauti nyembamba za juu, kwa sababu programu ya mtengenezaji hupendelea mpangilio wa upole usiomshtua mvaaji siku ya kwanza. Sauti hizo ndizo zinazobeba s, f na th. Mtu anaishia kulalamika, "Nakusikia, ila sikuelewi," na hapo lawama inakwenda kwa kifaa au kwa uzee.

Miongozo ya vyama vya wataalamu inataka kipimo hiki. Hata hivyo, tafiti zilizowahoji wataalamu wenyewe zimeonyesha mara kwa mara kwamba wengi hawakifanyi kwa kila mteja. Hapo hoja ya "kliniki ni ghali lakini ina huduma" inapata ufa mkubwa. Unaweza kulipa bei ya huduma na usipate huduma. Ukapata kiti kizuri, chai, na mpangilio wa kiwandani uleule ambao ungeupata kwenye boksi lililokuja kwa posta. Na yapo maduka makubwa ya bei ya kati yanayofanya kipimo hiki kwa kila mteja. Ukipiga simu uliza tu: "Mnapima kwa maikrofoni ya ndani ya sikio, kifaa kikiwa kimevaliwa?" Jibu la kuzungukazunguka nalo ni jibu.

Kwa daraja la kifaa, mimi siuoni ubishi kuwa mgumu. Kampuni moja huuza kifaa kilekile kwa madaraja matatu au manne, tofauti kubwa ikiwa kwenye programu: kuchuja kelele kwa ustadi zaidi, kujibadilisha kulingana na mazingira, na kadhalika. Robyn Cox na wenzake wa Chuo Kikuu cha Memphis walilinganisha daraja la msingi na la juu katikati ya miaka ya 2010. Katika maisha ya kila siku ya wazee wenye upungufu mdogo hadi wa kati hawakuona daraja la juu likizidi kwa kiasi cha maana. Teknolojia imesogea tangu hapo, na anayeshinda kwenye vikao vyenye kelele anaweza kupata faida. Lakini kama kuna mahali pa kupunguza gharama, ni hapa, kabla ya kugusa huduma.

Turudi kwenye upande wa nafuu, maana hauna udhaifu ambao wenye kliniki wanautangaza. Oktoba 2022 Marekani ilianza kuruhusu vifaa vya kusikia kuuzwa bila cheti cha daktari wala vipimo, kwa watu wazima wa miaka 18 na kuendelea wanaohisi upungufu mdogo au wa kati. Kanuni zinaweka kikomo cha nguvu ya sauti inayotoka. Septemba 2024 FDA, mamlaka ya chakula na dawa ya nchi hiyo, iliidhinisha programu inayogeuza AirPods Pro 2, vipokea sauti vya masikioni vya Apple, kuwa kifaa cha kusikia. Mwaka 2023 ulichapishwa utafiti uliolinganisha kifaa ambacho mtumiaji anajipangia kwa simu na kilekile kikipangwa na mtaalamu, na baada ya wiki 6 matokeo yalikaribiana. Kwa mtu mzima ambaye upungufu wake ni mdogo na simu janja haimsumbui, kuanza huku si upuuzi hata kidogo. Watu wengi huchelewa kwa miaka kabla ya kutafuta msaada, na bei ni moja ya sababu.

Masharti yapo lakini. Kwanza tofautisha kifaa cha kusikia na kikuza sauti cha kawaida. Hicho cha pili hupandisha kila kitu kwa pamoja, mazungumzo na mlango unaobamizwa, na baadhi havina kikomo cha maana cha sauti. Vinauzwa mtandaoni kwa picha na maneno yaleyale, mara nyingine bila jina la mtengenezaji. Bei ikiwa ndogo kiasi cha kushangaza, ujue unaangalia hiki.

Pili, zipo dalili ambazo hazimruhusu mtu kwenda dukani kabla ya kumwona daktari wa masikio, pua na koo: usikivu uliopotea ghafla ndani ya siku chache, sikio moja kuwa baya sana kuliko jingine, usaha au damu, maumivu, kizunguzungu, mvumo wa upande mmoja. Upotevu wa ghafla ni dharura. Tiba yake hufaa zaidi ikianza mapema, na aliyeagiza kifaa akakaa kusubiri mzigo anaweza kuwa amepoteza muda usiorudi. Hata bila dalili hizo, huenda tatizo zima ni nta iliyoziba sikio. Mtoto naye asipelekwe njia hii kabisa: masikio yake yanakua, hawezi kueleza anachosikia, na lugha yake inategemea usahihi wa kifaa.

Tatu ni haki ya kurudisha. Siku ya kwanza kila kitu kinakera. Sauti yako mwenyewe inakuwa kama unaongea ndani ya pipa, vijiko vinalia kama kengele, karatasi inachakacha hadi unataka kuvua. Ubongo unahitaji wiki kadhaa kuzoea. Muda wa kurudisha ukiwa mfupi kuliko hapo, hujapewa nafasi ya kujua kama kifaa kinakufaa, umepewa nafasi ya kukichukia tu.

Kuna suala moja ambalo huwa halimo kwenye vibao vya bei, nalo ni kufuli. Baadhi ya maduka yenye matawi mengi huuza vifaa vilivyofungwa kwa programu, visivyoweza kurekebishwa na mtu mwingine nje ya matawi yao. Siku ya kununua huoni tatizo. Tatizo linakuja ukihama, tawi likifungwa, au mkikosana. Kifaa hutegemewa kwa miaka mitano hivi, na ndani ya muda huo usikivu hubadilika, spika huziba kwa nta, maikrofoni huchoka. Bei nafuu yenye kufuli naihesabu kama bei ya kati. Hali ni hiyohiyo kwa muuzaji wa mtandaoni anayerekebisha kwa mbali kupitia simu: anafaa mradi kampuni ipo na programu yake inasasishwa, na kwa kuwa umbali unaondoa ule mrija wa sikioni, anafanya kazi kwa makisio.

Anayenisumbua katika hesabu hii ni mwenye upungufu mkubwa na mfuko mdogo. Vifaa vya bila cheti havimfai. Havina nguvu anayohitaji. Mara nyingi anahitaji kizibo kilichofinyangwa kwa umbo la sikio lake, vinginevyo kifaa kitapiga mluzi kila akitafuna. Hana njia ya kumkwepa mtaalamu. Nchi zenye mfumo wa umma unaotoa vifaa, kama Uingereza kupitia NHS, zimemwondolea mzigo huo, ingawa foleni inaweza kuwa ndefu na uchaguzi wa kifaa ni mdogo. Kwingineko ningemshauri achukue daraja la msingi, hata toleo lililotangulia kama bado lina waranti na vipuri, lisilo na kufuli, kisha pesa iliyobaki iende kwa mtaalamu anayepima kwa mrija na anayekubali kutoza huduma peke yake. Wapo wanaotoza hivyo, na idadi yao inaongezeka. Wapo pia wanaokubali kupanga kifaa ulichonunua kwingine.

Akiulizia bei, asiulize jumla. Aulize kifaa peke yake ni kiasi gani, kukipanga ni kiasi gani, na kila ziara ya baadaye ni kiasi gani, vyote viandikwe. Muuzaji asiyetaka kuvitenganisha anaweza kuwa mwaminifu kabisa, lakini mnunuzi hatakuwa na namna ya kumlinganisha na yeyote.