Somo la usimamizi wa ujenzi lianzie kwenye zege

Mwanafunzi wa mwaka wa tatu anaweza kukuchorea ratiba ya ghorofa sita kwenye kompyuta, mistari ya rangi imenyooka, halafu ukamuuliza slabu ya kesho, yaani sakafu ya zege ya ghorofa, inahitaji maji lita ngapi akabaki anakutazama. Kosa si lake. Tumemfundisha programu kabla ya kazi yenyewe.

Mimi ningezima kompyuta wiki nne za mwanzo. Ningempa kalamu, karatasi na slabu moja ya ghorofani: mita 10 kwa 8, unene milimita 150, zege la 1:2:4 (saruji moja, mchanga mbili, kokoto nne), mashine inayochanganya mfuko mmoja wa saruji kwa mkupuo, yaani kila inapojazwa na kumwagwa. Anieleze siku hiyo itakwendaje.

Hesabu ni fupi. Mita za ujazo 12, na kila moja inakula mifuko 6.3 hivi ya kilo 50. Hiyo ni mifuko 76. Agiza 80, maana ipo itakayopasuka. Mchanga mita za ujazo 5.3, kokoto 10.6, kabla ya upotevu. Hapo wengi huweka kalamu chini, kumbe usimamizi ndiyo kwanza unaanza.

Mikupuo ni 76. Kila mmoja ukichukua dakika 5, ukianza saa 2 asubuhi unamaliza saa 8 na dakika 20 mchana. Ukichukua dakika 8, saa 12 jioni imepita, giza linaingia na fundi bado hajasawazisha. Dakika 3 hizo hazipotelei ndani ya mashine. Zinapotelea kwenye kokoto iliyomwagwa mita 30 kutoka inapohitajika, kwenye karai moja wanalosubiriana saidia fundi wawili, kwenye pipa la maji lililokauka. Kukodi mashine ya pili hakusaidii kitu kama njia ya toroli ni moja. Aliyeliona hili kwa kokoto hatasumbuka baadaye kuelewa kwa nini kuharakisha kazi isiyo kwenye mkondo mkuu wa ratiba, ule mfululizo wa kazi ambazo moja ikichelewa mradi wote unachelewa, hakufupishi mradi.

Maji sasa. Lita 25 kwa mfuko ni lita 1,900. Tangi la lita 2,000 linaonekana linatosha, mpaka ukumbuke mashine nayo itaoshwa, na slabu itamwagiliwa siku zisizopungua 7.

Vipimo navyo vinastahili kipindi kizima, tena nje, mikono ikichafuka. Mfuko wa saruji una ujazo wa lita 35 hivi, kwa hiyo unachukua ndoo 3 na nusu za mchanga na ndoo 7 za kokoto, ndoo za lita 20 zilizofutwa juu kwa ubao. Koleo si kipimo. Mchanga wenye unyevunyevu hufura, pengine kwa robo nzima, hivyo ndoo ileile inabeba mchanga pungufu na maji ambayo hukuyahesabu. Ukiongeza lita 25 zako palepale, zege linakuwa uji. Mafundi watalifurahia kwa sababu linamwagika lenyewe; nguvu yake imeshapungua.

Mtihani wangu ungekuwa swali moja. Ni saa 6 mchana, mkupuo wa 48, mashine imezima na mvua inakaribia. Unakatisha zege wapi? Jibu zuri linataja theluthi ya kati ya nafasi kati ya bimu na bimu (boriti zinazobeba slabu), ubao uliosimamishwa wima, nondo zikipita. Anayeacha zege limelala mteremko pembeni ya bimu ameacha ufa wa kuvujisha maji.

Hilo ningelipa nusu ya alama. Nusu nyingine ni kwa atakachoandika jioni kwenye daftari la saiti: mashine ilizima saa ngapi, mkupuo wa ngapi, mvua ilianza lini, nani alikuwepo. Mkandarasi akija kudai muda wa ziada, kitakachosomwa mezani ni daftari hilo.