Gari la Mazishi, Ambulensi na Uasilia: Majaji Wapime Nini?

Januari 2011, kwenye mnada wa magari huko Arizona, Marekani, ambulensi ya Pontiac ya mwaka 1963 iliuzwa kwa dola 120,000. Ilitangazwa kuwa ndiyo iliyobeba mwili wa Rais John F. Kennedy kutoka uwanja wa ndege wa kijeshi wa Andrews hadi hospitali ya Bethesda usiku wa tarehe 22 Novemba 1963. Kabla nyundo haijagonga, wajuzi wa magari ya aina hiyo walikuwa wameshapaza sauti: nyaraka na picha zilizohifadhiwa kwenye maktaba ya Kennedy huko Boston zinaonyesha kwamba ambulensi yenyewe ilipondwapondwa mwaka 1986. Mnada ukaendelea hivyohivyo. Mwaka uliofuata, gari la mazishi la Cadillac la modeli ya 1964, lililoutoa mwili huo hospitalini Dallas na kuufikisha kwenye ndege, likauzwa kwa dola 160,000. Kati ya gari lenye historia inayojulikana na gari ambalo nyaraka zinalikana, tofauti ilikuwa dola 40,000 tu.

Kisa hicho kinanikera hadi leo, kwa sababu kinaonyesha mahali ambapo upimaji wetu wa magari haya kwenye mashindano unapwaya. Kwa macho, ile Pontiac ilikuwa na kila kitu. Jaji akizunguka na tochi na karatasi ya alama, akikagua rangi, krom, vioo na vitambaa vya viti, hangeona kasoro ambayo ndiyo kubwa kuliko zote.

Magari ninayoyasema ni yale ya huduma: magari ya mazishi, ambulensi za zamani zilizojengwa kwa umbo la gari dogo lililorefushwa, limuzini za kubebea wafiwa, na magari ya maua yaliyoachwa wazi nyuma kwa ajili ya mashada. Nchini Marekani wapenzi wake wana chama chao, Professional Car Society, kilichoanzishwa 1976, na wanayashindanisha mbele ya majaji. Ubishi unaorudi kila mara ni huu: gari lililorudishwa upya hadi likang'aa kama siku ya kwanza, na gari lililochakaa ambalo halijawahi kuguswa, lipi lipewe heshima zaidi?

Kwa gari la kawaida, swali hilo lina pa kuanzia. Kiwanda kilitoa maelfu ya magari yanayofanana, kina orodha ya rangi, orodha ya vitambaa, namba za injini. Magari ya huduma hayakuzaliwa hivyo. Cadillac ilitengeneza chesisi maalumu, yaani fremu ya chini ya gari, yenye injini na sehemu ya mbele, kisha ikaipeleka kwa mjenzi wa bodi. Chesisi ya mwaka 1959 ilikuwa na inchi 156 kutoka gurudumu la mbele hadi la nyuma, wakati Cadillac ya kawaida ya mwaka huo ilikuwa na inchi 130. Huko kwa mjenzi, mafundi walikunja mabati, wakapandisha paa, wakatandika sakafu na kushona mapazia. Kati ya wajenzi hao, Miller-Meteor walikuwa Piqua, Ohio. Superior walikuwa Lima, jimbo hilohilo. Henney, waliojulikana kwa kujenga juu ya chesisi za Packard, walikuwa Freeport, Illinois. Cotner-Bevington, waliotumia Oldsmobile, walikuwa Blytheville, Arkansas.

Kwa hiyo gari moja lina wazazi wawili, na vibao viwili vya utambulisho. Mzazi wa pili alikuwa msikivu sana kwa mteja. Mwenye nyumba ya mazishi akitaka mapazia ya rangi fulani, meza ya jeneza inayotokea pembeni badala ya nyuma tu, au paa lililovikwa vinaili, alitengenezewa. Wajenzi wengi wamekufa kibiashara, na kumbukumbu zao hazikutunzwa zote. Jaji anapoambiwa apime gari kwa kulilinganisha na lilivyotoka kiwandani, anaulizwa kuhusu kiwanda ambacho pengine hakikutoa magari mawili yaliyofanana.

Hata hivyo, wanaoshikilia kipimo cha kiwandani wana hoja nzito, na sipendi wanapodharauliwa. Antique Automobile Club of America, chama cha magari ya kale cha tangu 1935, hupima kwa alama 400, na lengo lake ni gari lilivyokuwa lilipokabidhiwa kwa mnunuzi wa kwanza. Kitu chochote kilichomo kwenye katalogi ya mwaka huo kinakubalika. Uzuri wa mfumo huu ni kwamba unamfunga jaji mikono. Hawezi kumpendelea rafiki yake kwa sababu gari lake lina hadithi ya kuliza. Unamlazimu pia mwenye gari kusoma brosha za zamani, kutafuta picha, kuuliza wazee waliofanya kazi kwenye karakana zile. Maarifa mengi tuliyonayo leo kuhusu mishono, vitasa na taa za magari haya yamekusanywa na watu waliokuwa wanakimbizana na alama.

Kuna na hoja ya kutu, ambayo watu wa uhifadhi, wale wanaotaka gari lisiguswe, huikwepa. Kutu haiheshimu uasilia. Bodi hizi ziliunganishwa kwa mikono, zina viungo vingi ambamo maji hujificha, na mbao za sakafu huoza kutoka chini bila mtu kujua. Ukisema gari lisiguswe, baada ya miaka kadhaa utakuwa na kibao cha mjenzi na lundo la vumbi jekundu. Ambulensi ndiyo iliyoumia zaidi, kwa kuwa ilikimbizwa usiku na mchana, ikaoshwa kwa dawa kali, ikauzwa ikiwa hoi. Gari la mazishi lilitembea polepole kutoka kanisani hadi makaburini na kulala gereji. Kuyapima mawili hayo kwa kipimo kimoja cha uchakavu si haki.

Upande wa pili umepata nguvu miaka ya karibuni. FIVA, shirikisho la kimataifa la magari ya kale lililoundwa 1966, lilipitisha Mkataba wa Turin mwaka 2012, unaotaka kazi inayofanywa kwenye gari la kihistoria iwe ndogo kadiri inavyowezekana na iwekewe kumbukumbu. Hata chama kile cha alama 400 kina kundi la pekee la magari yaliyohifadhi sehemu zake za asili, ambalo halitafuti ung'avu.

Ninapolitazama gari la huduma ambalo halijarudishwa upya, naelewa kwa nini watu hawa hawarudi nyuma. Mikwaruzo kwenye sakafu inaonyesha machela iliingizwa kwa pembe gani. Kizingiti cha mlango wa nyuma kimelika upande mmoja, maana mhudumu alikuwa anakanyaga hapohapo kila siku. Chini ya rangi nyeusi, mwanga ukipiga kwa mshazari, unaona kivuli cha jina la nyumba ya mazishi ya kwanza. Fundi akipiga msasa ubavu ule ili apate uso laini wa kupulizia rangi mpya, jina limekwenda na halirudi. Rangi mpya yenyewe, yenye tabaka la juu linalong'aa kama kioo, inang'aa kuliko laka yoyote iliyopulizwa enzi hizo. Gari linapata sura ambayo halikuwahi kuwa nayo hata siku lilipotoka karakana, halafu linapewa kombe kwa jina la uasilia.

Pande zote mbili, lakini, zinajikwaa kwenye jambo moja: gari la huduma halikuishi maisha mamoja. Ripoti maarufu ya mwaka 1966 ya akademia ya taifa ya sayansi nchini Marekani, iliyohusu vifo na ulemavu vitokanavyo na ajali, ilieleza kwamba karibu asilimia 50 ya huduma za ambulensi nchini humo zilitolewa na wenye nyumba za mazishi wapatao 12,000, hasa kwa sababu magari yao yaliweza kumbeba mtu aliyelala. Miaka ya 1970 viwango vya serikali vikabadilika, na masharti ya ununuzi ya 1974 yakaelekeza kwenye ambulensi za magari ya mizigo na mabasi madogo. Yale marefu ya kifahari yakauzwa kwa bei ya kutupa. Mengine yaligeuzwa vichekesho vya barabarani, mengine yakaishia kugonganishwa viwanjani kwa burudani.

Sasa chukua mfano: gari linalojengwa kama la mazishi, jeusi, miaka sita linabeba majeneza. Kisha kikosi cha uokoaji cha kijiji kinalinunua, kinalipaka nyeupe na nyekundu, kinatoboa paa na kufunga kimulimuli na king'ora. Kwa miaka kumi linaokoa watu. Nani atasema lile tundu la paani ni kasoro? Kwa kipimo cha kiwandani ni kasoro, na mwenye gari atashauriwa alizibe na kulirudisha jeusi. Akifanya hivyo amefuta miaka kumi ya kazi ya kweli ili arudishe miaka sita ya kazi ya kweli. Kwangu huo ni uharibifu, hata kama umefanywa na fundi bora duniani.

Lakini tundu lilelile linaweza kuwa la uongo. Baada ya filamu ya Ghostbusters ya 1984, ambamo Cadillac ya 1959 iliyojengwa na Miller-Meteor iligeuzwa chombo cha wawinda mizimu, watu wamekuwa wakiyavizia magari ya mwaka 1959 ili wayatoboe na kuyabandika vifaa vya kuigiza. Wengine hawagusi filamu. Wananunua tu gari la mazishi la kawaida, wanalifunga king'ora na kimulimuli cha zamani, na kulipeleka kwenye maonyesho kama ambulensi, kwa kuwa ambulensi ni adimu na huvutia macho zaidi. Hapa kila kifaa ni cha kweli, chenye umri sahihi na kampuni sahihi, na gari lenyewe ni la kweli. Uongo upo kwenye muungano wao. Mali bila daftari huisha bila habari, wahenga walisema, na kwenye magari haya habari yenyewe ndiyo sehemu kubwa ya mali.

Kwa hiyo, nikiulizwa niegemee wapi, naegemea kwa wahifadhi, ila kwa sharti ambalo wengi wao hawataki kulisikia: ushahidi. Mwenye gari atamke kwa maandishi ni kipindi gani cha maisha ya gari anachokionyesha, iwe siku lilipokabidhiwa au mwaka wake wa mwisho kazini, na alete kinachothibitisha: picha, ankara, leseni ya zamani, herufi zilizobaki chini ya rangi. Majaji wapime gari dhidi ya kipindi hicho, na daftari lipate alama zake, nyingi kuliko krom. Aliyebadilisha sakafu iliyooza asiadhibiwe akiwa amepiga picha ya ile ya zamani kabla ya kuing'oa na akahifadhi kipande chake. Asiye na ushahidi asifukuzwe, bali kilichobuniwa kiandikwe kuwa kimebuniwa, kwenye kibao kinachosomeka na kila mtazamaji.

Breki na matairi nisingevipotezea muda. Gari la tani kadhaa likipelekwa barabarani na watu ndani, mwenye gari aweke breki salama na matairi ya kisasa, ahifadhi ya zamani, na asikatwe alama. Vifaa vya ndani ni jambo jingine. Ambulensi yenye machela ya enzi zake na chupa ya oksijeni inafundisha. Inapojazwa sanamu zilizopakwa damu bandia, na gari la mazishi likawekewa kiunzi cha mifupa ndani ya jeneza, naona tumewakosea waliosafirishwa humo na jamaa zao, na sioni kwa nini jaji alipe mzaha huo hata alama moja.

Kuna aina moja ambayo ingefaa kuwa ya kwanza kupimwa kwa utaratibu huu: gari la kazi mbili, lililojengwa tangu mwanzo liwe ambulensi asubuhi na gari la mazishi mchana. Vigingi na roda za kutelezeshea jeneza sakafuni hupinduliwa zikafichika ili machela ikae, kimulimuli cha paani huvuliwa, viti vya wahudumu hukunjwa, na vibao vyenye nakshi huwekwa kuziba madirisha ya pembeni. Gari la namna hii likipakwa rangi upya na likang'aa, lakini roda zake zimekwama na vibao vya madirisha vimepotea, limepoteza kile lilichoundiwa. Ningependa majaji waweke tochi zao mfukoni, wasogee pembeni, na wamwombe mwenye gari aligeuze mbele yao, kutoka la wagonjwa hadi la mazishi, kwa vifaa vilivyokuja nalo.