Waacheni wadada wafanye mazoezi yao

Mnaosema dansi ya nguzo (pole dance, ile ya kupanda na kuzunguka kwenye nguzo ya chuma) inamdhalilisha mwanamke, mimi niko Uyole hapa Mbeya na nawapinga kabisa. Hii habari mnayoitolea maoni inaongelea wadada wanaojifunza hiyo dansi jioni wakitoka kazini, wanalipa hela yao wenyewe, hakuna anayetunzwa wala meza ya bia, sasa hapo anayedhalilishwa nani? Mmeona kaptula basi mmemaliza. Jamani ile kaptula ina sababu, chuma kinashikwa na ngozi, ukivaa suruali ndefu ya kitambaa unateleza unashuka kichwa chini, na mikono na tumbo lazima viwe na nguvu haswa maana unabeba mwili wako wote. India kuna mallakhamb, wanaume wanapanda nguzo ya mbao toka zamani na wanaheshimika kama wanamichezo, ila akipanda dada ni malaya, kwa nini??

Sikatai, hii dansi imepitia klabu za usiku za Marekani na wapo walioingia huko kwa shida, hilo linaniuma. Lakini wa kumsema ni bosi wa baa anayemlazimisha mhudumu wake avae nusu uchi ndo apate mshahara, na hao hata huku kwetu wapo mbona mko kimya? Mi naangalia kitu kimoja tu, huyo dada anaweza kusema leo siji na asifokewe na mtu?

Mwenye kujua mwalimu yuko wapi Mbeya au hata Iringa aseme, wifi yangu anataka kuanza.