Dark of the Sun: Picha ya Mamluki Ambayo Kigoma Tungepaswa Kuijua

Ukiuliza picha za mamluki hapa Kigoma, watu wa rika langu watakutajia The Wild Geese ya mwaka 1978. Mmoja mmoja atakumbuka The Dogs of War ya 1980. Dark of the Sun haimo midomoni mwa mtu. Inashangaza, maana kati ya hizo tatu ni hii peke yake inayohusu vita iliyopiganwa kweli, na iliyopiganwa hapo ng'ambo ya Ziwa Tanganyika, huko Kongo. Hizo nyingine mbili zinatokea kwenye nchi za Afrika zilizobuniwa.

Ilitoka mwaka 1968 chini ya kampuni ya MGM. Mwongozaji ni Jack Cardiff, Mwingereza ambaye kabla ya kuongoza alikuwa mpiga picha, tena wa kupigiwa mfano. Alipata Oscar kwa kazi yake katika Black Narcissus. Hadithi imetoka kwenye riwaya ya Wilbur Smith ya mwaka 1965. Smith alizaliwa Rhodesia ya Kaskazini, Zambia ya leo. Kisa chenyewe ni chepesi kusimulia: Rais wa Kongo anamkodi Kapteni Curry (Rod Taylor) apeleke treni hadi mji wa migodi uliozungukwa na waasi wa Simba, akawatoe Wazungu waliokwama huko. Hiyo ndiyo sababu ya kutangaziwa watu. Sababu yenyewe ni almasi za dola milioni 50 zilizofungiwa kwenye kasiki la kampuni. Amepewa siku tatu.

Wanaoitetea picha hii, nami nimo, tuna hoja nzito ya kwanza: ufundi. Treni inafika, abiria wanapanda, na almasi hazitoki. Kasiki lina kufuli la saa. Halifunguki mpaka muda wake utimie, hata ukimwekea bastola aliyelifunga. Kwa hiyo mabehewa yamejaa watu, mvuke unapulizwa, waasi wanasogea, na kila mtu anasubiri chuma kijifungue. Almasi zinapopatikana treni inaanza kupanda mlima, mabomu yanaangukia reli, na behewa la mwisho linakatika. Ndilo lenye abiria, na ndilo lenye almasi. Cardiff hana haraka. Anakuacha uone behewa likipungua mwendo, likisimama, kisha likianza kurudi kinyumenyume kuelekea stesheni ambako waasi wameshaingia, watu wakiwa madirishani. Kwa mji uliokua mwishoni mwa reli ya kati tangu 1914, ambako karibu kila ukoo una mtu aliyewahi kufanya kazi ya reli, sehemu hiyo haihitaji mtafsiri. (Treni yenyewe ni ya Jamaika. Walipiga picha huko, na msitu tunaoambiwa ni wa Kongo ni wa huko pia.)

Hoja ya pili ni Ruffo. Anachezwa na Jim Brown, Mmarekani mweusi aliyetoka kwenye soka la Kimarekani, na katika hadithi ni Mkongo. Mwaka 1968 haikuwa kawaida ya Hollywood kumpa mtu mweusi nafasi ya kusimama bega kwa bega na stelingi mzungu, akafikiri, akabisha, akamwokoa mwenzake. Curry anapigania malipo, na hafichi. Ruffo anapigania nchi yake, na analisema wazi. Urafiki wao unabeba swali ambalo picha nyingi za aina hii hulikwepa: mtu aliyenunuliwa na mtu mwenye nchi wanaweza kuwa upande mmoja kwa muda gani? Kwenye kibanda umiza tulizoea kanuni kwamba stelingi hafi. Ruffo anauawa, na muuaji si Simba. Ni mamluki mwenzake, Henlein, na anachomuulia ni almasi.

Lakini sasa tuje kwenye mashitaka, na hapa mtu wa Kigoma ana haki ya kusema zaidi ya mhakiki wa London.

Simba wa kwenye picha hii ni kundi linalopiga kelele, linalolewa, linalobaka na kuchoma. Hakuna hata mmoja anayepewa nafasi ya kueleza kwa nini ameshika silaha. Picha inachanganya pia mambo mawili yaliyopishana: Katanga, jimbo la Kongo lililoongozwa na Moïse Tshombe, iliyojitenga Julai 1960 na kurudishwa mapema 1963, na uasi wa Simba, uliowaka 1964. Mtazamaji asiyejua historia anatoka akidhani ni ghasia moja isiyo na chanzo. Patrice Lumumba, Waziri Mkuu wa kwanza wa Kongo, alikuwa ameuawa Januari 1961. Tshombe, ambaye askari wake walihusika katika mauaji hayo, alirudi 1964 akiwa Waziri Mkuu wa Kongo nzima, na ndiye aliyemwita Mike Hoare na mamluki wake. Ukiliondoa hilo, Simba anabaki mnyama tu.

Na haya hayakuwa ya mbali. Agosti 1964 kikosi cha kwanza cha Hoare kilipita kwa maboti juu ya Ziwa Tanganyika kwenda kuikomboa Albertville, Kalemie ya sasa, mji unaotazamana na pwani yetu. Aprili 1965 Che Guevara, mwanamapinduzi wa Kuba, alivuka kutoka Kigoma kwenda kuwasaidia waasi, na katika kumbukumbu zake analalamika kwamba viongozi wao walipenda kukaa huku kuliko mstari wa mbele. Septemba mwaka huohuo mamluki walishuka Baraka kwa maboti; Novemba Che akarudi Kigoma usiku, vita imemshinda. Wazee wa Ujiji na Kibirizi waliokuwa vijana wakati huo waliona silaha zikipita kwenda na majeruhi wakirudi. Walijua Simba ni watu wenye majina, wengine shemeji zao, wengine wakorofi kweli.

Maana wakorofi walikuwepo, na hili wakosoaji wa picha hulipita haraka mno. Stanleyville, ambayo ni Kisangani ya leo, waasi waliteka Wazungu kwa mamia na kuwaua baadhi yao, na waliua Wakongo wenzao wengi zaidi: makarani, walimu, yeyote aliyeonekana msomi. Siwezi kumlaumu Cardiff kwa kuonyesha ukatili. Ninamlaumu kwa kuonyesha unaanzia wapi kwa mamluki tu. Kwa upande wao tunaona kila hatua: dau, saa, tamaa, usaliti. Henlein anawapiga risasi watoto wawili kwa hofu kwamba watawapelekea Simba habari, na kamera haimpi kisingizio. Basi kama ushahidi kuhusu Kongo, picha hii ni dhaifu. Kuhusu wanunuzi na walionunuliwa ni ushahidi wenye nguvu, na The Wild Geese, pamoja na umaarufu wake wote, haiifikii. Ile inataka uwapende wale mamluki wazee na vicheko vyao.

Kuna ujanja mmoja, lakini, nisioweza kuusamehe moja kwa moja. Kwenye riwaya adui mkuu ndani ya kikosi anaitwa Wally Hendry. Picha ikamgeuza Mjerumani, tena mwenye alama ya Wanazi kifuani. Mtazamaji wa Uingereza au Marekani anapumua: kumbe ubaya ni wa yule, si wetu. Wanaoitetea watakwambia Siegfried Müller alikuwepo kweli, Mjerumani wa kikosi cha Hoare aliyevaa nishani yake ya vita ya Hitler huko Kongo. Ni kweli. Ila kikosi kile kilijaa vijana wa Afrika Kusini, Rhodesia na Uingereza, na kuvunja benki, kama walivyofanya huko Kongo, hakukuhitaji Mjerumani.

Mwisho wa picha unabishaniwa vilevile. Curry anamfuata Henlein na kumuua, halafu anajisalimisha ashtakiwe. Wengine wanauona mwisho wa heshima, na Rod Taylor anaucheza vizuri, uso umemchoka. Mimi naona hapo ndipo Hollywood ilipolipoteza lile jicho kavu ililokuja nalo. Hoare aliondoka Kongo mwishoni mwa 1965 bila kushtakiwa. Zaidi ya miaka kumi baadaye alikuwa mshauri wa The Wild Geese. Novemba 1981 akaenda kuipindua Shelisheli, watu wake wakijifanya watalii na silaha zao zikiwa zimefichwa ndani ya mabegi, akakuta askari wa Tanzania wapo kule kuilinda serikali. Mpango ukavurugika uwanjani. Wengi wao wakateka ndege ya Air India na kukimbilia Durban. Afrika Kusini ilimfunga kweli, na kosa lililomfunga lilikuwa la ndege.