Dume Mmoja, Jike Mmoja

Kila kikundi cha mafunzo ya porini lazima kiwe na mtu wa kutambaa. Kwenye kikundi chetu nilikuwa mimi, na sababu waliyoitoa ni kwamba nina kimo cha chui. Kura zilipigwa, mwenye GPS, mwenye fomu na mwenye panga wote walikuwa upande mmoja.

Niseme kwanza kwamba shangazi yangu hadi leo anaamini fundi wa wanyamapori kazi yake ni kushika bunduki na kukimbizana na majangili. Kwata tulipiga, na wakufunzi tuliwaita afande, hilo siwezi kukataa. Lakini sehemu kubwa ya masomo ilikuwa kuhesabu. Unahesabu miti, unahesabu nyayo, unahesabu mavi ya tembo na kuyapima kwa tepu huku umeinama, kisha unaamua kwa macho kama ni ya jana au ya mwezi uliopita. Shangazi nilimwambia nasoma takwimu.

Siku hiyo tulikuwa kwenye miombo, pembezoni mwa Hifadhi ya Mikumi, tunafunga kamera za mtego. Ndorobo walikuwa wengi. Wadudu hawa huvutwa na rangi ya bluu na nyeusi, ndiyo maana hata vitambaa vya kuwatega hushonwa kwa rangi hizo, na mwenzetu mmoja alikuja amevaa jinzi ya bluu na fulana nyeusi. Tulimpenda sana siku ile. Popote tulipokaa, tulihakikisha yumo katikati yetu.

Kamera yenyewe ni kiboksi cha rangi ya majani makavu. Kinafungwa kwenye mti usawa wa goti hivi, kikitazama kaskazini au kusini ili jua la asubuhi na la jioni lisikipige usoni. Ndani mna kihisio kinachoshtushwa na joto linalotembea. Nyasi za mbele mnazifyeka, la sivyo mtarudi kukuta kadi imejaa picha za nyasi zinazopepea na swala hata mmoja hamna. Mkishamaliza, mtu anapita mbele yake kwa miguu minne ili mjue kama mnyama mfupi ataonekana. Ikiwa kwenye majaribio, kataa kekundu kanawaka kila inapokuona.

Basi nikashuka chini. Sikutambaa kivivu. Nilishusha mabega, nikavuta mkono mmoja mmoja, nikageuza shingo taratibu, na nadhani kuna mahali nilinguruma. Wenzangu wakapiga makofi.

"Taa haijawaka," akasema dada mwenye fomu. "Rudi nyuma kidogo, chui."

Nikarudi kinyumenyume.

"Bado. Rudi tena."

Kumbe mwenye panga alikuwa ameshaibonyeza iingie kazini. Ikishaingia kazini, kale kataa hakawaki tena. Inapiga picha kimyakimya, tatu kwa mkupuo. Mimi huku naendelea kurudi. Nyuma yangu palikuwa na kichuguu, na ubavuni mwa kichuguu shimo la muhanga, yule mnyama mla mchwa, ambalo asubuhi ile tulilishangilia na kuliandika kwenye fomu: dalili ya uwepo wa muhanga.

Sasa, muhanga akihama shimo lake, ngiri hupanga bila kulipa kodi. Ngiri mkubwa huingia shimoni kwa matako, ili meno yake yabaki yanatazama mlangoni. Na akiamua kutoka, mara nyingi hatoki kwa kunyata, anatoka kama alivyo, mbio. Haya yote nilikuwa nimeyajibu vizuri kwenye mtihani. Swali ambalo halikuulizwa ni lile la pale mlangoni, ambapo uso wa ngiri ulikutana na upande wa pili wa chui.

Nilisikia mkoromo mmoja, kisha ardhi ikaondoka chini yangu. Jino lilipita kwenye suruali kuanzia kiunoni hadi karibu na goti na halikugusa nyama, kwa rehema za Mungu na za fundi cherehani aliyenishonea bwelasuti. Nikakimbia. Walioshuhudia wanadai hatua za mwanzo nilikimbia bado kwa miguu minne. Askari aliyekuwa akitulinda aliifunga bunduki vizuri, akaiegemeza, ndipo akashika mti ili acheke kwa usalama.

Buti langu moja lilibaki mlangoni kwa ngiri. Tulisubiri mbali, maana hakuna aliyejua kama mle ndani alikuwa anaishi peke yake. Tulipoona kumetulia, dada mwenye fomu akanipa kitenge chake, nikajifunga, nikaenda kulifuata buti nimeinama na uso nimeuelekeza shimoni.

Kadi zilitolewa baadaye, na darasa zima likaketi mbele ya ukuta kuainisha picha. Nilikuwa nimekaa karibu na mlango.

"Spishi?" akauliza afande.

Kimya. Halafu sauti kutoka nyuma: "Homo sapiens, afande."

"Idadi?"

"Mmoja."

"Jinsia?"

Picha iliyofuata ilikuwa ile baada ya jino. "Dume, afande!" wakajibu wote.

"Tabia?"

"Anahama makazi."

Ngiri mwenyewe kamera haikumuwahi. Kulionekana vumbi, na pembeni kabisa mkia umesimama wima. Ulitosha, porini mkia ule ukiuona unakimbia hivyo, huulizi jina. Ngiri, mmoja, jinsia haijulikani.

Kisha ikaja picha ya kitenge.

Kuna kanuni kwamba picha za spishi moja zikipishana chini ya dakika 30 zinahesabiwa tukio moja, ili swala aliyejilalia mbele ya kamera mchana kutwa asigeuke kundi. Afande akasoma saa iliyo chini ya picha: ya kwanza 10:14, hii 10:51. Dakika 37. Tukio jipya.

"Lakini ni yuleyule, afande," mmoja akanitetea.

"Chui tunamtambua kwa madoa. Huyu mtamtambua kwa nini?"

"Kwa lile tundu la suruali."

"Liko wapi hapa?"

Kitenge kilikuwa kimelifunika. Uso hauonekani. Afande akachukua chaki akaandika ubaoni: binadamu, wawili, dume mmoja, jike mmoja.

Nikasimama. "Afande, huyo wa pili pia ni mimi."

"Kaa chini, kuruta," akasema bila kugeuka. "Mnyama hashiriki kwenye uchambuzi."